Paka wa Zamu

Vijana wa ofisi ya mifugo waliponiaga walinipa blanketi, saa ya ukutani na kazi. Kazi ni hii ya kuandika. Walisema siku hizi wanaletewa mbwa na paka wengi kuliko ng'ombe, na kwamba mimi ndiye niliyebaki ninayekumbuka tulivyowatibu zamani, Mpanda ilipokuwa mji mdogo mwisho wa reli. Nimekubali. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Zimo kwenye faili langu, kama mchwa wamebakiza kitu.

Nilifika kwa treni mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na cheti cha mifugo, begi moja na imani kubwa. Chuoni nilifundishwa ng'ombe kuanzia pembe hadi kwato. Mbwa tulisomeshwa wiki moja, na paka nadhani walitajwa siku niliyolala na malaria. Kumbe wilaya yenyewe ilikuwa imejaa mbung'o, wale nzi wanaoeneza ugonjwa wa ndorobo, na ng'ombe walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Bwana mifugo kupangiwa Mpanda wakati ule ilikuwa sawa na kinyozi kupangiwa kijiji cha wenye vipara. Waliokuwepo ni mbuzi, kuku, na mbwa wa wawindaji na warina asali. Walikuwepo na paka, ambao hawakuwa na mwenyewe mpaka siku wanapokufa.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha bati upande wa Shanwe. Mkuu wangu aliitwa Mzee Hamisi, mtu wa Ujiji kwa baba na Tabora kwa mama, mfupi, mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliianza kazi kabla ya Uhuru kwa kushika ng'ombe wakati wengine wakiwachoma sindano, na kwa kuwatazama tu akajifunza yote. Hakuwa na cheti. Changu alikiita "ile karatasi yako", bila ubaya wowote, kama mtu anavyoulizia mwavuli wa mgeni.

Siku ya kwanza aliletwa mbwa mwekundu wa mrina asali mmoja, macho yote mawili yamekuwa ya buluu, yana ukungu wa maziwa. Mwenyewe alikuwa amekwisha kumtemea maji ya tumbaku machoni kwa siku tatu. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu. Nikatoa mafuta ya macho, nikampaka, nikamwambia mrina asali arudi baada ya wiki. Mzee Hamisi alikuwa amekaa kwenye kiti chake akisafisha kipimajoto. Alimgeukia mwenye mbwa.

"Huyu alikuwa wapi mwezi uliopita?"

"Tulikuwa pori, mzee. Wiki tatu, kwenye mizinga."

"Mbung'o?"

"Wengi! Walitula na nguo zetu."

Mzee akampima mbwa joto, akamminya tezi za shingoni, akachemsha sindano na kumchoma dawa ya ndorobo. Baada ya siku kumi jicho moja lilikuwa limetakata, la pili likabaki na doa dogo. Mrina asali akatuletea chupa ya asali, akamkabidhi Mzee Hamisi, na akanisalimia mimi kwa huruma.

Hapo ndipo nilipopewa maswali matatu, ambayo Mzee alitaka yaulizwe kabla mkono haujamgusa mnyama. Alikuwa wapi? Amekula nini? Amepakwa nini? Alisema mnyama hadanganyi lakini hasemi, na mwenyewe anasema lakini anadanganya, kwa hiyo bwana mifugo lazima aulize kwa upole na asioneshe kushangaa. Nilidhani ni maneno ya wazee. Nitaeleza mbele yalivyonigharimu, na si mimi niliyekaribia kulipa.

Vifaa vyetu vilienea mezani pamoja na chai. Sindano mbili za kioo, ambazo moja ilivuja; jiko la mafuta la kuchemshia; kipimajoto kilichofungwa uzi na kibanio cha nguo, ili kikiwa ndani kibanwe kwenye mkia, maana mbwa mmoja wa Nsemulwa aliwahi kuondoka nacho. Gunia la kumtia paka, kichwa kikiwa nje. Utepe wa kanga kuukuu wa kumfunga mbwa mdomo: fundo juu ya pua, fundo chini ya kidevu, kisha nyuma ya masikio. Mzee alisema mbwa anauma akikuogopa, paka anauma akikuchoka. Palikuwa pia na friji ya mafuta ya taa ya kuhifadhia chanjo ya kichaa cha mbwa, na humo hapakuruhusiwa hata chupa ya maji ya kunywa. Katika joto la Oktoba niliitazama friji ile kwa uchungu mwingi.

Kazi ya kila siku ilikuwa kuwaondolea watu dawa walizojitungia. Mbwa wa upele waliletwa wakiwa wameloweshwa oili chafu ya malori, weusi, wanang'aa, wanatapika kwa sababu wameilamba. Tuliwaosha kwa sabuni ya kufulia, tukawapaka salfa iliyochanganywa na mafuta ya mgando, tukawaambia wenyewe kwamba oili ni ya gari. Watoto wa mbwa wenye matumbo kama ngoma walikuwa na minyoo, na dawa yao ilifichwa ndani ya tonge la ugali wenye mchuzi wa dagaa. Kupe aling'olewa kwa kushikwa karibu na ngozi na kuvutwa taratibu, si kuchomwa na kijinga cha moto, jambo ambalo lilimuunguza mbwa na kumwacha kupe akiwa na nafasi nzuri. Paka wa mwenye duka mmoja alipewa nusu aspirini kwa sababu alionekana ana kichwa kinauma. Paka hapewi aspirini. Mwenye duka alilia kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa biashara.

Halafu watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, nasi tukawafuata kwa baiskeli.

Kakese ilikuwa mwendo wa saa mbili kwangu, saa moja na nusu kwa mtu anayejua kukanyaga. Ni kijiji cha mpunga. Nyumba zilipangwa mistari, jirani anasikia jirani akikoroga uji, na ndani ya kila nyumba palikuwa na kihenge cha mpunga wa mbegu na wa chakula. Panya walifurahi kuliko mwanasiasa yeyote. Paka wengi walikuwa wamebaki kwenye mahame, kule watu walikohamishwa, maana paka hufuata nyumba, hafuati mtu. Waliobebwa kwenye makapu walirudi kwa miguu ndani ya wiki. Katika nyumba kumi za balozi mmoja alibaki paka dume mmoja tu, wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika. Walimwita Mgambo.

Balozi akampangia zamu. Siku mbili kila nyumba, kwa mstari, kama zamu ya kusafisha kisima. Jioni ya siku ya pili, mama mwenye nyumba alimtia Mgambo kwenye tenga, akampeleka kwa jirani, na jirani akampokea kwa heshima anayopewa mkaguzi. Nilipoona utaratibu ule niliusifu mbele ya mkutano. Ulikuwa mzuri kweli.

Katika mkutano huohuo niliwapa somo la viroboto. Nyumba kukaribiana kulikuwa kumewaleta viroboto wengi, watoto wanajikuna usiku kucha, na ofisi yetu ilikuwa imepewa mifuko ya DDT, ambayo wakati ule ilinyunyizwa kila mahali kama chumvi. Nikaonyesha kwa mbwa wa balozi: chukua unga kiganjani, paka mgongoni, sugua mpaka kwenye ngozi, usimruhusu kulala ndani kabla hujampaka. Mama mmoja nyuma akauliza, "Na paka je?"

"Na paka hivyohivyo," nikasema.

Nililijibu swali lile haraka sana. Mbwa hajilambi mwili mzima. Paka hushinda kutwa anajilamba, na chochote unachompaka mgongoni umekwisha kumlisha. Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Mimi nilikuwa nimelala na malaria.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, Melkiori wa Kakese aliingia ofisini akihema, baiskeli ameiangusha mlangoni. Mzee Hamisi alikuwa amekwenda kwenye machinjio. Melkiori alisema paka amemuuma mke wake, Yustina, kwenye kidole gumba, na paka mwenyewe anatetemeka, anatoa udenda, ukigonga sufuria anaruka kama amechomwa moto. Nikaondoka naye. Njiani akaniambia jambo ambalo wanakijiji wote walilijua isipokuwa mimi: Yustina alikuwa mjamzito wa miezi sita, na walikwisha kuwapoteza wawili kabla ya huyu.

Nilimkuta Mgambo ndani ya tenga, amefunikwa na jiwe juu. Nilichungulia. Alikuwa kama Melkiori alivyosema: misuli inacheza yenyewe, taya linagonga, macho yametoka. Tulikuwa tumesikia kiangazi kile kwamba mbwa mgeni alipita Kakese akitangatanga na kumuuma mbuzi. Nikajumlisha. Watu walikuwa wamezunguka, Yustina amekaa kwenye kigoda, kidole amekifunga kitambaa cheupe, anasubiri neno kutoka kinywani mwangu.

"Ni kichaa," nikasema. "Muueni. Mchomeni moto."

Wanaume wakamuua kwa marungu, tenga na yote, wakamchoma. Nilijisikia nimefanya kazi. Mama mkwe wa Yustina, Bibi Telesia, mama mfupi mwenye sauti ya kuita watu toka ng'ambo ya shamba, aliniuliza swali moja tu.

"Sasa mwanangu, huyu mwali wetu atapona?"

Nikamwambia atapona akipata sindano, na sindano ziko Tabora.

Tukaosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, hilo nililifanya sawa. Jioni hospitali ya Mpanda ikamwandikia hati ya safari. Mganga alituambia hana cha kupima. Bwana mifugo akisema kichaa, wao wanaandika kichaa. Sindano zilikuwa ishirini na moja, moja kila siku, na wakati ule zilichomwa tumboni. Nilikuwepo Yustina alipoambiwa. Aliangalia chini, akaweka mikono yote miwili juu ya kanga yake.

"Tumboni," akasema. "Na tumbo lenyewe lina mtu."

Treni ilikuwa ya keshokutwa asubuhi. Siku ya katikati nilirudi Kakese kuchanja mbwa na kuandika orodha ya watu wote walioguswa na yule paka. Nilianza nyumba ya kwanza ya zamu. Je, aliwakwaruza? Hapana. Mate yake yaligusa kidonda? Hapana. Alilala wapi? Hapa, chini ya kihenge. Kisha mama mwenye nyumba akaongeza, kwa fahari, bila kuulizwa:

"Na sisi tulimpaka ile dawa yako kabla hajaingia. Tulimsugua vizuri."

Nikamshukuru. Nyumba ya pili, mama akasema vilevile. Hakutaka viroboto wa nyumba ya kwanza waingie kwake, kwa hiyo alimpaka mlangoni, ndani ya tenga. Nyumba ya tatu walimpaka alipofika na alipoondoka, ili jirani asije akasema wamemletea viroboto. Nyumba ya nne hivyohivyo. Kila nyumba ilikuwa imetii. Sijawahi tena katika utumishi wangu kuona agizo la serikali likitekelezwa kwa ukamilifu wa namna ile. Nyumba ya sita penseli yangu ilisimama, nikakaa kwenye baraza la watu bila kukaribishwa, na mama wa nyumba akaniletea maji akidhani ni jua.

Amepakwa nini? Sikuwa nimeuliza.

Mzee Hamisi alinisikiliza bila kukatiza, mikono nyuma. Nilimweleza kwamba huenda ile ni sumu, kwamba mtetemo ule, kuruka kwa kelele na taya kugonga, vyote vinaweza kuletwa na DDT. Nikamwambia nataka kwenda kumsimamisha Yustina asipande treni.

"Paka yuko wapi?" akauliza.

"Alichomwa."

"Kichwa?"

"Kilipondwa."

"Basi huna cha kupeleka maabara, na huna wa kumtazama. Ungemfungia siku kumi kwenye kibanda, chakula na maji kwa mlango mdogo. Angekufa au angepona, tungejua." Akavua miwani. "Sasa sikiliza, kijana. Paka anaweza kulamba unga na akawa na kichaa vilevile. Unga haukingi kichaa. Jana ulikuwa na hakika ya uongo, leo usije ukaibadilisha kwa hakika nyingine ya uongo. Nenda kamwambie yote kwa mdomo wako. Unachokijua na usichokijua."

"Watanipiga."

"Inawezekana," akasema, na akarudi kwenye kipimajoto chake.

Kwenye stesheni nilimkuta Yustina amekaa juu ya mfuko wake wa nguo, Melkiori amesimama, Bibi Telesia ameshika kapu la viazi vya njiani. Nikawaambia. Nilianza na mkutano wa viroboto na kumalizia na penseli. Nilisema unga ule niliuleta mimi, na paka niliagiza auawe mimi, na kwa sababu hiyo hakuna mtu duniani anayeweza kujua alikuwa na nini. Watu wengine wa safari walisogea kusikiliza.

"Juzi ulikuwa na hakika," Melkiori akasema. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinichoma.

"Nilikosea kuwa na hakika."

Yustina hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama mabehewa. "Zile sindano, mtoto anapona nazo?"

"Wanasema zinaishia chini ya ngozi. Hazimfikii."

"Wanasema. Na nisipochomwa, na kama ni kichaa?"

"Utakufa. Kikishaanza hakina dawa."

"Mayo we!" Bibi Telesia akasema, kapu likamtoka mkononi.

"Ungekuwa wewe, na mkeo yuko hivi, ungempandisha?" Yustina akauliza.

Sikuwa na mke. Nikasema, "Ningempandisha."

"Kwa sababu unajua au kwa sababu unaogopa?"

"Kwa sababu naogopa, dada."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu sahihi. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti ya kuwaeleza wale wa jirani waliosogea: "Wa kwanza nilimpoteza nikitoka msibani Karema, njia mbaya. Wa pili nilimpoteza kwenye lori, siku tuliyohamishwa. Kwa huyu nimelala chini tangu alipoingia tumboni. Hata kisimani siendi. Sasa nyie mnataka nikae kwenye behewa usiku na mchana, nifike Tabora nichomwe tumboni siku ishirini na moja, kwa ajili ya paka ambaye labda alikuwa na unga." Akasimama, akachukua mfuko wake. "Sipandi."

Melkiori alimbembeleza. Mimi nilimbembeleza. Bibi Telesia alimbembeleza kwa Kipimbwe, ambacho sikukielewa isipokuwa jina la Bikira Maria. Treni ikaondoka. Mganga alisema mlango uko wazi, hata wiki ijayo anaweza kwenda, na akaandika kwenye karatasi kwamba mgonjwa amekataa.

Niandike jambo hapa kwa ajili yenu mtakaosoma. Mtu akiumwa na mbwa au paka msiyemjua hali yake, aoshwe kidonda kwa sabuni na maji kwa muda mrefu, na apelekwe akapate chanjo siku hiyohiyo. Siku hizi inachomwa mkononi na wajawazito wanachomwa. Mnyama afungiwe atazamwe, asiuawe kwa hasira. Alichofanya Yustina msimshauri mtu mwingine, na mimi nilichofanya msikifanye kabisa.

Mzee Hamisi alinipa adhabu bila kuiita adhabu. Aliniagiza niende Kakese kila Jumanne, nimtazame. Nikauliza nitazame nini, akasema, "Maji. Mwenye kichaa koo humkaza, hawezi kumeza. Mtazame akinywa."

Kwa hiyo kila Jumanne nilikanyaga saa mbili, nikaegemeza baiskeli ukutani, na Yustina akatoka na kikombe cha bati. Hakuwa na haja ya kuelezwa mara mbili. Alikaa mkekani, akanywa kikombe kizima mbele yangu, akakipindua chini kuonyesha kimeisha.

"Umeandika?" aliuliza.

"Nimeandika."

"Haya. Rudi kwa mkubwa wako umwambie mwendawazimu hajambo."

Majirani walianza kuja kuangalia. Bibi Telesia alisema mwanaye kaoa mke wa kunyweshwa maji na serikali. Mimi nilicheka nao, lakini usiku wa Jumatatu sikulala, wiki kumi na mbili mfululizo. Nilisoma kitabu chetu cha magonjwa mpaka ukurasa ule ukalegea. Kinasema wiki tatu, kinasema miezi mitatu, kinasema hata mwaka. Nilikuwa nikimwona kila mahali anaweka kikombe chini bila kunywa. Nilikonda. Mzee Hamisi alinipa dawa ya minyoo, ya binadamu, akasema nijaribu.

Tumbo lilikua. Wanawake wa nyumba kumi walimletea uji kwa zamu, ile zamu ya Mgambo, siku mbili mbili, na mpunga wa Yustina ukaliwa na panya nusu kihenge bila yeye kujali.

Jumanne ya kumi na tatu nilifika kabla ya saa nne. Uwanja ulikuwa mtupu, hakuna mtu barazani. Nikabisha hodi, nikasikia sauti isiyo ya neno. Nikaingia.

Yustina alikuwa amepiga magoti sakafuni, amekumbatia mguu wa kitanda. Jasho linamtiririka. Meno ameyauma, mate yanamtoka pembeni. Kikombe cha bati kilikuwa karibu yake na maji yake. Nikakishika, nikakisogeza mdomoni mwake. Akakisukuma kwa mkono, maji yakamwagika, akatoa mguno mrefu, akageuza uso kutoka kwenye mwanga wa mlango.

Sijui nilitokaje nje. Nakumbuka nilikimbia kwenye ule mstari wa nyumba nikipiga kelele kwamba imeanza, imeanza, mwiteni Melkiori, mwiteni padri. Nilikuwa nalia kama mtoto, bwana mifugo mzima mwenye cheti. Niliona wazi kwamba nimewaua wawili kwa maneno matatu niliyosema mkutanoni. Bibi Telesia alinikuta uwanjani, anatoka kwa jirani na wembe, uzi na kanga mbili safi mkononi.

"Nini wewe?"

"Amekataa maji! Ameuma meno!"

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Bwana mifugo," akasema, "wewe si wa ng'ombe? Hujawahi kuona jike likizaa?"

Akanisukuma pembeni, akaingia, akafunga mlango.

Nilikaa chini, mgongo kwenye ukuta wa udongo, karibu na baiskeli. Melkiori alifika mbio kutoka shamba, akakaa karibu yangu bila kunisalimu. Wanawake wawili waliingia, mmoja akatoka, akaingia tena. Jua lilifika utosini, likapita. Ndani palikuwa na sauti ya Bibi Telesia tu, akiamrisha, halafu hata hiyo ikanyamaza, na ule ukimya ulikuwa mrefu mpaka Melkiori akaanza kusali kwa sauti. Kisha mtoto akalia. Alilia kwa nguvu, kwa hasira. Wanawake wakapiga vigelegele, wakasema ni wa kike, na Melkiori akaweka uso wake magotini.

Mimi nilikuwa bado nasikiliza. Nilingoja mpaka vigelegele vipungue. Kisha, kupitia ukutani, nikaisikia sauti ya Yustina, imechoka, imekauka.

"Nipeni maji."

Nikasikia kata ikigonga mtungi. Nikasikia akimeza, mara nyingi, bila kupumzika, kwa kelele ya mtu mwenye kiu. Halafu akavuta pumzi.

"Ongezeni," akasema.